Chuma cha Kichuguu cha Pili

Nashipae Leshan alipigilia msumari ukutani mara nne siku ile. Mara ya kwanza cheti kilikaa juu mno, mteja angelazimika kuinua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Mara ya pili kikafichwa na mlango ukifunguliwa. Mara ya tatu kikawa nyuma ya kiti chake mwenyewe, na hakutaka kukipa kisogo kutwa nzima. Mara ya nne kikakaa pale alipokitaka tangu mwanzo, mbele ya kiti cha mteja. Syokau, fundi wa nguo aliyekodi naye chumba hicho kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, akasimamisha cherehani akatazama.

"Umeharibu ukuta wa landlord," Syokau akasema. "Lakini kimekaa poa."

Kilikuwa kimekaa vizuri kweli. Kilisema kwamba Nashipae Leshan amesajiliwa na kupewa leseni ya kuwa wakala wa nyumba na mashamba, na chini yake palikuwa na mhuri ambao hakuna mtu wa Kitengela angeweza kuuchora kwa kiazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameinama miaka saba mjini Kajiado, katika ofisi ya Bwana Muthama, mthamini wa ardhi. Kwanza alichemsha chai na kupanga mafaili, kisha akashika ncha ya tepu ya kupimia, kisha akaandika ripoti ambazo Muthama alitia sahihi bila kubadilisha neno. Alifanya mitihani, akarudia karatasi moja, akapita. Sasa ulikuwa mwaka wa 2005, Kitengela inaota mabati kila upande, na binti wa hapo hapo amerudi nyumbani na leseni yake. Aliringa kidogo, na alistahili.

Mabroka, madalali wa mashamba wasio na leseni, waliokaa steji ya matatu chini ya mwavuli, hawakuliona hivyo. Walimbatiza Madam Cheti. Mkubwa wao, Kiragu, mzee mcheshi mwenye kofia ya ngozi, alimwelimisha bila kuombwa.

"Mashamba ya huku huuzwa kwa mdomo na mguu," alimwambia. "Mdomo wa kusifia, mguu wa kupimia. Hicho cheti utafungia mandazi."

Nashipae alicheka, akapanda ngazi zake. Bwana Muthama alikuwa amemwonya kitu kimoja tu alipokuwa akimuaga: "Mguu hauna leseni. Pima kwa tepu."

Na hakuifuata kazi hii kwa sababu ya kupenda suti. Mwaka wa 1996 broka mmoja, ambaye baadaye alihama asionekane tena, alimletea baba yake karatasi akamwambia ni ya kukodisha malisho kwa msimu mmoja. Mzee Leshan hakujua kusoma. Aliweka kidole. Msimu ulipokwisha akaambiwa kwamba alikuwa ameuza, na upande wote wa kaskazini wa shamba lake ukaenda hivyo. Tangu hapo mzee hakupenda kusikia habari za karatasi, wala hakupanda ngazi za ofisi yoyote, hata hii ya binti yake. Alipoambiwa kuhusu cheti alisema, "Sawa," akaenda kuwaangalia ng'ombe. Nashipae aliumia.

Wateja wa kwanza walikuja wiki ya tatu. Wasike alikuwa karani wa stoo kiwandani, na mkewe Elsie alikuwa nesi. Walitoka Bungoma, na kwa miaka kumi na moja walikuwa wapangaji, wakihama nyumba hii na ile. Elsie alibeba daftari la shule ambalo ndani yake alikuwa amechora nyumba kwa penseli, na madirisha yote, na jiko kubwa lililosimama peke yake upande wa kusini.

"Madam, sisi hatutaki mambo mingi," Wasike akasema. "Tunataka ekari moja iko na title, na mtu mwenye hataturuka akishapata pesa."

"Mimi hata nikitaka siwezi kuwaruka," Nashipae akamjibu. "Baba yangu anaishi huko huko."

Shamba lenyewe lilikuwa la Mzee Metito, jirani wa baba yake, nje kidogo ya mji kwenye njia ya kwenda Isinya. Metito alitaka kuuza ekari moja apate kuchimba kisima. Nashipae alikwenda Kajiado kukagua hati, akaikuta safi, haina deni wala kesi. Mke wa Metito alikuwa amekubali. Palibaki kuonyesha wateja mipaka, kisha bodi ya ardhi itoe kibali. Kazi ya kwanza, na imenyooka hivyo! Usingizi wa siku zile ulikuwa mtamu.

Jumamosi wakakutana shambani. Nashipae aliinamisha kichwa mbele ya Metito, mzee akamgusa utosini.

"Takwenya, Paashe."

"Iko, Paashe," Nashipae akaitikia salamu kwa Kimaasai.

Elsie akauliza kwa nini wanaitana jina moja, naye Nashipae akamweleza. Kwa Wamaasai mtu akikupa ndama, majina yenu ya zamani hayatumiki tena kati yenu. Mnaitana Paashe, kwa ile zawadi, mpaka kaburini. Mwaka wa 1984, ukame ulipofagia mifugo, ng'ombe mmoja wa Metito alikufa akaacha ndama mwekundu wa siku mbili. Nashipae alikuwa na miaka minane. Metito alimbeba yule ndama akamweka miguuni pa mtoto wa jirani, akasema, "Akiishi ni wako." Akaishi. Akazaa, na watoto wake wakazaa, na hao ndio waliomlipia Nashipae shule mpaka akamaliza. Wajukuu na vitukuu wa ndama yule walilala sasa katika zizi la mabati lililoonekana pale ng'ambo ya mpaka, zizi ambalo Nashipae alimjengea baba yake mwaka uliopita kwa akiba yake mwenyewe.

"Basi wewe umesomeshwa na hii shamba," Elsie akasema, na Metito akacheka akionyesha pengo lake.

Kona zote nne zilikuwa na chuma cha mpaka kilichopigiliwa na saveya, mpima ardhi; bikoni, kama watu wanavyokiita. Wasike aliridhika. Elsie naye alikwishasimama kona ya kusini, akachimbua mstari kwa kisigino. "Jiko langu litakaa hapa," akasema. Kiragu, ambaye alikuwa amejialika kwa matumaini ya kupata chochote, akapendekeza waende wakanywe soda. Lakini Nashipae akakunjua tepu yake mpya. Alitaka wajionee vipimo wenyewe, pasiwe na kufichana.

Upande wa kwanza ulikuwa sawa, mita themanini na moja. Wa pili sawa, mita hamsini. Alipofika upande wa mwisho, kutoka bikoni ya mashariki hadi ile ya kona ya kusini, karibu na kichuguu kikubwa, tepu ikasoma thelathini na tisa. Ramani ilisema hamsini. Akapima tena, thelathini na tisa.

"Aah, madam," Kiragu akasema. "Mita kumi na moja ni nini? Hiyo ni jua imekunja tepu. Andika ekari moja, title si inasema ekari moja?"

Nashipae alikuwa akikitazama kichuguu, kisha akatazama ng'ambo, ndani ya shamba la baba yake, hatua chache nyuma ya zizi. Huko palikuwa na kichuguu kingine, kidogo, kimeliwa na mvua. Vichuguu viwili.

Yule ndama alikuwa mtundu. Alipopata nguvu alikata kila kamba na kung'oa kila kijiti, na fisi walikuwa wengi mwaka ule. Nashipae mdogo alikuwa ameona chuma kizuri kimesimama mpakani, kwenye simenti mbovu iliyojaa mchanga. Alikitikisa alasiri nzima mpaka kikatoka. Akamfunga ndama wake, ndama akatulia, na mtoto akajiona mwerevu kuliko wote. Miezi miwili baadaye katekista akahubiri kanisani kwamba anayegusa mpaka wa jirani anajiletea laana. Nashipae hakula siku ile. Jioni alikimbia na chuma akakirudisha mahali pake, karibu na kichuguu, akakipigilia kwa jiwe huku akilia, akarudi nyumbani ametubu. Kumbe alikirudisha kwenye kichuguu kisicho chake. Alikuwa ameishi miaka ishirini na moja akiamini kwamba dhambi ile ilikwisha, kumbe mpaka ulisogea siku aliyotubu.

Kipande kilichoingia kwa baba yake kilikuwa na umbo la pembetatu, ukubwa wake karibu ploti nzima ya futi hamsini kwa mia. Jiko la Elsie lingekosa nafasi, na zizi la mabati lilikuwa limesimama katikati yake.

"Nipeni mpaka Jumanne," aliwaambia wateja. "Nitakuja na saveya."

Wasike na Elsie wakatazamana. Walikuwa wameshawahi kuambiwa mpaka Jumanne na watu wengine.

Jioni hiyo Nashipae alimkuta baba yake mlangoni pa zizi, akihesabu ng'ombe kwa macho wakiingia. Akamwambia yote, kuanzia kamba hadi katekista. Mzee Leshan alisikiliza bila kugeuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Papa."

"Basi hakuna anayejua."

"Mimi ndiye nitaandika ile karatasi. Nitaandikia watu ekari moja na haiko."

Mzee akapigapiga bati la zizi kwa fimbo, polepole. "Watu hawatasema mtoto alikuwa anafunga ndama. Watasema Leshan alisogeza mpaka, halafu akajenga juu yake. Mimi, mwenye nilinyang'anywa, watasema ni mimi mwizi."

"Nitawaambia ni mimi."

"Mtoto wa miaka minane. Na nani atakuwa shahidi wako, ndama?"

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nashipae alibaki nje na harufu ya samadi. Angeweza kumwachia saveya agundue mwenyewe, na aliyeng'oa chuma abaki upepo. Lakini hapo ndipo jina la baba yake lingechafuka kabisa. Na akinyamaza bila saveya, Elsie angejenga jiko jembamba na hangejua kamwe kwa nini. Cheti kingebaki ukutani, mhuri wake mzima, na kila asubuhi angekaa kukitazama. Alikuwa amekipigilia mbele ya kiti cha mteja, lakini na yeye angekiona vilevile. Akaamua, na alipoamua aliogopa zaidi.

Jumanne saveya Gakuru alitoka Kajiado na ramani na chombo chake cha miguu mitatu. Metito alikuwapo, Wasike na Elsie walikuwapo, na Kiragu na mabroka wawili, maana habari za tepu zilikuwa zimefika steji. Mzee Leshan hakuonekana. Kabla Gakuru hajafungua ramani, Nashipae akasimama mbele yao.

"Kuna kitu lazima niseme kwanza," akasema. "Bikoni ya kona hii haiko mahali pake. Mwenye aliing'oa ni mimi. Nilikuwa mtoto. Nilifunga ndama nayo, halafu nikairudisha mahali si pake. Baba yangu hakujua chochote kuhusu hiyo siku. Alijenga akiamini chuma, kama nyinyi tu mlivyoamini."

Kiragu akavua kofia yake akajikuna kichwa. "Madam," akasema, karibu kwa huruma, "unajiuza mwenyewe? Na baba yako juu?"

"Naonyesha mpaka," Nashipae akasema.

Wasike alikuwa ameshika mkono wa mkewe. "Sasa tutajuaje hii si story?" akauliza. "Pole, lakini tumesikia story nyingi."

Nashipae akachukua jembe, akavuka mpaka, akaenda kwenye kichuguu kidogo. Alichimba peke yake, kwa sketi yake ya ofisi na viatu vya ofisi, na hakuna aliyemsaidia mwanzoni. Shimo la kwanza halikutoa kitu. La pili vilevile. Katika la tatu jembe likagonga. Gakuru akapiga magoti, akafuta udongo kwa viganja. Lilikuwa pande la simenti mbovu, na katikati yake tundu tupu la ukubwa wa kidole gumba.

"Chuma chake kiko wapi?" Gakuru akauliza.

"Kiko hapa."

Wote wakageuka. Mzee Leshan alikuwa anakuja kutoka kona ya kusini, na mkononi alikuwa na chuma kilichojaa udongo mbichi. Alikuwa amekwenda kuking'oa mwenyewe. Hakumtazama binti yake. Aliinama, akakisukuma chuma kwenye tundu, kikaingia mpaka mwisho, akakigonga mara moja kwa kisigino.

Mzee Metito alikisogelea chuma, akakitazama sana, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Hii chuma naijua," akasema. "Mimi mwenyewe niliiona na huyo ndama. Nilisema, huyu mtoto wa Leshan ako na akili, wengine wanafunga ndama kwa mti, yeye anafunga kwa chuma. Sikujiuliza chuma imetoka wapi." Akamgeukia Nashipae. "Paashe, nilikupa ndama nikasahau kukupa kamba. Makosa ni yangu."

Hapo hata Kiragu alicheka. Shahidi alikuwa amepatikana bila kuitwa, na hakuna ambaye angesema tena kwamba Leshan alisogeza mpaka.

Wasike, ambaye alikuwa mtu wa haya, akasema zizi linaweza kukaa mpaka mvua iishe, wao hawana haraka. Mzee Leshan akamkatiza kwa adabu.

"Ng'ombe zangu hazilali kwa mtu," akasema. Jioni mabati yalikuwa yameshateremshwa na nguzo zimeng'olewa. Nashipae alishika misumari, baba yake alishika nyundo, na hawakuongea.

Elsie ndiye aliyebaki nyuma wengine wakiondoka. Alimkabidhi Nashipae lile daftari na penseli.

"Nipimie hapa ndani," akasema. "Hizo mita kumi na moja zangu zote. Jiko litakuwa kubwa."

Wiki ile hadithi ilizunguka Kitengela yote. Mabroka wa steji wakambadilishia Madam Cheti jina, wakamwita Muuza Babake, wakidhani wanamkomoa. Hawakujua wanamtangaza. Mtu anayenunua shamba huota usiku mpaka umesogea, na mtu wa namna hiyo akisikia kuna mwanamke juu ya duka la dawa za mifugo aliyemtoa baba yake kwenye shamba la mteja, hupanda ngazi mwenyewe. Mwalimu mmoja alitoka mpaka Nkoroi. Syokau alianza kulalamika kwamba wateja wanakalia vitambaa vyake.

Bodi ilipotoa kibali, Nashipae alikwenda Kajiado, akawaandikia Wasike na Elsie karatasi yao na kutia sahihi yake hapo chini, sahihi yake ya kwanza kwenye karatasi yake mwenyewe. Alirudi mjini amejaa furaha. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni, kwamba baba yake bado alikuwa amemnyamazia.

Siku ya mnada wa mifugo, saa tano hivi asubuhi, Syokau alisimamisha cherehani ghafla. Kwenye ngazi palisikika fimbo ikigonga, ngazi moja baada ya nyingine, na mtu akipumzika kila baada ya tatu. Mzee Leshan akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka. Alitazama chumba, akatazama vitambaa, akakaa kwenye kiti cha mteja, fimbo katikati ya magoti.

"Kiragu alikuja nyumbani jioni ile ulipopima na tepu," akasema, bila salamu. "Akaniambia, mzee, mwambie msichana anyamaze, chuma ilale. Alisema vizuri sana. Alipomaliza, mimi nikaona nimeshasikia hiyo sauti. Yule wa 1996 pia alikuwa anasema vizuri." Akapangusa uso. "Nikasema, siku hiyo kama ningekuwa na mtu kama huyu wangu, wa kusimama aseme karatasi iko na makosa, hata kama makosa ni yake. Ndiyo nikaenda kung'oa chuma."

Mzee akainua fimbo akaelekeza ukutani.

"Hiyo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, Papa."

"Iko mahali ya kuweka kidole?"

"Hapana, Papa. Hii si ya kuweka kidole."

"Nisomee."

Akasimama, akamsomea polepole, kila neno, akigeuza Kiingereza kwenda Kimaasai alipoweza: kwamba Nashipae Leshan amesajiliwa, kwamba ana leseni, tarehe, mhuri, sahihi. Mzee alisikiliza amefumba macho, kichwa kikitikisika kidogo kama afanyavyo wazee wakimsikiliza msemaji mkutanoni. Nashipae alipomaliza, hata Syokau alikuwa ameshika kitambaa bila kushona.

"Soma tena," Mzee Leshan akasema. "Hapo mahali iko jina langu."